Springi za Regulata ya Kupigia Mbizi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuzitunza na Kuzibadilisha

Kati ya vipande vyote vilivyomo ndani ya regulata, springi ndiyo inayolaumiwa mara nyingi na kuchunguzwa mara chache. Hewa ikivuja, springi husemwa imelegea. Pumzi ikiwa nzito, springi husemwa imekaza. Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya mpiga mbizi anayetaka kuelewa chombo kinachompa pumzi chini ya maji, na kwa ajili ya fundi anayeanza kujifunza kukihudumia.

Regulata ina springi ngapi, na kila moja hufanya nini?

Idadi hutegemea muundo. Hatua ya kwanza, yaani ile sehemu inayofungwa kwenye mtungi, ina springi kuu moja, kubwa na ngumu, ambayo huamua shinikizo la kati: hewa iliyokuwa na baa 200 au zaidi ndani ya mtungi hupunguzwa hadi kufikia takribani baa 9 au 10 juu ya shinikizo la maji yaliyomzunguka mpiga mbizi. Katika hatua ya kwanza ya pistoni, springi hiyo huzunguka shina la pistoni na kuisukuma upande wa kufungua vali. Katika ile ya kiwambo, yaani utando unaonyumbulika, springi kuu hukaa upande wa nje wa kiwambo na kukisukuma ndani, na humo ndani, upande wa hewa ya mtungi, kuna springi nyingine ndogo inayorudisha kichwa cha vali kwenye kiti chake.

Hatua ya pili, ile inayokaa mdomoni, ina springi ndogo nyembamba inayokandamiza kiti laini kwenye mdomo wa tundu la hewa. Mpiga mbizi anapovuta pumzi, kiwambo huingia ndani, wenzo hubonyea, na springi hiyo hushindwa kwa kiasi kidogo tu hadi hewa ipite.

Inawezekanaje springi iliyorekebishwa mara moja kufaa mita 5 na mita 40?

Kwa sababu kazi imegawanywa. Springi hutoa kiasi kisichobadilika, na maji yenyewe hutoa kiasi kinachobadilika. Chumba cha springi kuu kimeachwa wazi ili maji yaingie, au kimezibwa kwa kiwambo cha ziada kinachopitisha msukumo wa maji bila kuyaruhusu kuingia. Kila mita 10 za kina huongeza takribani baa 1 upande wa springi, na shinikizo la kati hupanda kwa kiasi hichohicho. Hivyo tofauti kati ya shinikizo la kati na shinikizo la mazingira hubaki ileile iliyowekwa na springi, mpiga mbizi awe wapi.

Je, springi huchakaa kweli?

Huchakaa, lakini polepole kuliko wengi wanavyodhani. Mtu anayevuta pumzi 15 kwa dakika kwa muda wa dakika 50 huifanya springi ya hatua ya pili kubonyea na kurudi mara 750 katika safari moja, na katika safari 100 hesabu hufikia 75,000. Springi iliyotengenezwa vizuri huvumilia hayo kwa miaka, kwa sababu msongo unaoipata uko chini ya kiwango kinachochosha metali. Kinachoimaliza kwa kawaida ni chumvi.

Springi nyingi za regulata hutengenezwa kwa chuma cha pua kisichoshika kutu kwa urahisi, na baadhi kwa aloi ya nikeli. Chuma hiki hulindwa na utando mwembamba mno wa oksidi ya kromiamu, na utando huo huhitaji oksijeni ili ujirudishie pale unapokwaruzwa. Chumvi iliyokaukia kati ya mzunguko na mzunguko, au chini ya mwisho wa springi unapogusana na washa (pete bapa inayowekwa chini yake), huzuia oksijeni isifike, huku kloridi zikiendelea kuula utando. Hapo hutokea vishimo vidogo vya kutu, ambavyo jicho tupu linaweza kuvikosa. Kishimo kimoja kinatosha kuwa chanzo cha ufa, na ufa hukua kila springi inapobonyea. Ndiyo maana springi iliyofanya safari 500 na kusuuzwa vizuri inaweza kuwa nzima kuliko iliyofanya safari 20 kisha ikasahauliwa kwenye mfuko ikiwa na maji ya bahari.

Njia ya pili ya kuchakaa ni kupungua urefu. Springi iliyobonyezwa kupita kiasi, au iliyobaki imebanwa kwa muda mrefu mno, huenda isirudi kwenye urefu wake wa awali, na msukumo wake hupungua kulingana na urefu uliopotea.

Nitajuaje kama kasoro iko kwenye springi na si mahali pengine?

Kwa kupima kwa mpangilio, na springi iwe ya mwisho kushukiwa.

Anza na shinikizo la kati. Unganisha geji ya shinikizo la kati, yenye kipimo cha hadi baa 20 hivi, kwenye bomba la mpira la kujazia jaketi, kisha fungua mtungi taratibu. Bonyeza kitufe cha kupulizia, kile cha hatua ya pili kinachotoa hewa bila pumzi kuvutwa, mara kadhaa na uache. Sindano inapaswa kushuka hewa inapopita, kurudi haraka, na kusimama. Ikisimama mahali palepale kwa dakika 5 hadi 10, kiti cha hatua ya kwanza kinafunga vizuri. Ikiendelea kupanda kidogokidogo, tatizo karibu kila mara ni kiti kilichochakaa, mdomo wa vali uliokwaruzika au oringi (pete ya mpira ya kuzibia) iliyokufa. Springi kuu iliyodhoofika haipandishi shinikizo, huliteremsha.

Ukikuta sindano imesimama imara lakini chini ya kiwango kilichotajwa na mtengenezaji, hapo springi kuu ina haki ya kuchunguzwa, ingawa huenda pia fundi aliyetangulia hakuirekebisha ipasavyo. Kumbuka vilevile kwamba katika hatua ya kwanza ya pistoni isiyo na mizani, yaani isiyosawazisha msukumo wa hewa kwenye vali, shinikizo la kati hushuka lenyewe mtungi unapopungua, kwa hiyo pima mtungi ukiwa umejaa na tena ukiwa umekaribia kwisha kabla ya kutoa hukumu.

Baada ya hapo nenda kwenye kiti cha hatua ya pili. Kikiwa na mfuo wa duara uliochimbika sana, hewa itapita hata springi ikiwa mpya. Kisha angalia kimo cha wenzo, kwa kuwa wenzo uliopanda mno hukandamizwa na kiwambo hata bila pumzi kuvutwa. Mambo hayo matatu yakiwa sawa, ndipo itoe springi na kuitazama.

Springi inatazamwaje ikishatolewa?

Ioshe kwanza, kwa maana uchafu huficha kutu. Itazame chini ya kioo cha kukuzia ukiizungusha, na tumia muda mrefu zaidi kwenye ncha zake mbili, kwa kuwa huko ndiko chumvi hujificha. Isimamishe juu ya kipande cha kioo bapa: ikiinama upande mmoja, haisukumi sawasawa. Ibiringishe juu ya kioo hichohicho, iliyopinda itayumba. Pima urefu wake kwa kalipa ikiwa huru, haijabanwa, na ulinganishe na kipimo cha mtengenezaji, au na springi mpya yenye namba ileile ya kipuri. Doa jepesi la hudhurungi linalofutika kwa kitambaa linaweza kuwa ni masalia ya metali nyingine. Doa linalobaki na kukwama kwenye ukucha ni kishimo, na springi yenye kishimo haistahili kurudishwa ndani, hata kama urefu wake ni kamili.

Hatua ya pili inavuja kidogo. Je, nikaze springi tu?

Hapana, na hili ndilo jibu ninalotamani lisomwe kuliko mengine yote katika ukurasa huu.

Chukua mfano wa hatua ya pili isiyo na mizani, yenye tundu la kipenyo cha milimita 5. Shinikizo la kati likiwa baa 9.5, hewa husukuma kiti kwa nguvu ya takribani nyutoni 18.7. Tuseme springi imewekwa kusukuma kwa nyutoni 20. Ziada ya nyutoni 1.3 ndiyo inayofunga vali, na ndiyo ambayo mapafu yako hulazimika kuishinda, kwa msaada wa kiwambo na wenzo, kila unapovuta. Sasa kiti cha hatua ya kwanza kikianza kuchakaa na shinikizo la kati likapanda kupita baa 10.2, hewa itaishinda springi ileile na kuanza kuvuja. Uvujaji huo ni wa makusudi katika muundo: vali hufunguka kuelekea upande wa mpiga mbizi ili shinikizo lililozidi litoke, lisije likapasua bomba.

Anayekaza springi mpaka uvujaji unyamaze ameziba mdomo wa chombo kinachomwonya. Kiti cha hatua ya kwanza kinaendelea kuharibika, pumzi inakuwa nzito, kiti cha hatua ya pili kinachimbwa zaidi na springi iliyokazwa, na baada ya safari chache uvujaji hurudi ukiwa mkubwa zaidi, pengine kwenye kina ambacho hakuna mtu angependa kukabiliana nao. Springi hurekebishwa baada ya kiti, mdomo wa vali na shinikizo la kati kuthibitishwa kuwa vizima. Haitumiki kufidia ubovu wa kingine.

Mfano huohuo unaeleza upande wa pili. Shinikizo la kati likishuka hadi baa 8.5, hewa husukuma kwa nyutoni 16.7 pekee, na ziada ya springi hukua kufikia 3.3. Mpiga mbizi ataona pumzi imekuwa nzito na kuilaumu hatua ya pili, ilhali ugonjwa uko upande wa mtungi, katika hatua ya kwanza.

Na zile zenye mizani?

Katika hatua ya pili yenye mizani, sehemu ya hewa ya shinikizo la kati hupitishwa hadi nyuma ya kichwa cha vali ili isaidie kufunga. Springi yake kwa hiyo ni laini zaidi, na haiyumbishwi sana na mabadiliko ya shinikizo la kati. Kamwe usiweke springi ya aina isiyo na mizani humo, hata ikiingia bila kulazimishwa.

Springi imepungua urefu kidogo. Naweza kuivuta irefuke, au kuweka washa chini yake?

Kuivuta ni kuiharibu. Mizunguko iliyovutwa hutanuka bila ulinganifu, metali hulazimishwa kupita mpaka wake wa kujirudi, na urefu ulioupata hupotea tena baada ya siku chache. Kuikata ili kuifupisha ni kosa la namna hiyohiyo, kwa sababu ncha iliyokatwa haiketi bapa na hukwaruza inapoegemea.

Washa ni suala tofauti. Baadhi ya hatua za kwanza za pistoni zimeundwa zirekebishwe kwa washa nyembamba zinazowekwa chini ya springi, na mtengenezaji hutaja unene na idadi inayoruhusiwa. Nje ya ruhusa hiyo usiongeze washa. Hatua za kwanza za kiwambo hazihitaji hata kidogo, kwa kuwa zina skrubu ya kurekebishia juu ya springi.

Nimepata springi ya ukubwa uleule kutoka regulata nyingine. Itafaa?

Ukubwa wa nje haujibu swali hili. Robert Hooke alichapisha mwaka 1678 kanuni kwamba nguvu ya springi hulingana na kiasi inachobonyezwa, lakini ugumu wa springi yenyewe hutokana na aina ya metali, unene wa waya, upana wa mzunguko na idadi ya mizunguko. Unene wa waya huingia kwenye hesabu ukiwa umezidishwa kwa wenyewe mara nne. Waya uliopungua unene kwa asilimia 5 tu, tofauti ambayo kidole hakiwezi kuihisi, hutoa springi iliyolegea kwa karibu asilimia 19. Tumia springi yenye namba ya kipuri iliyoandikwa kwenye mchoro wa regulata yako, na uangalie toleo la mchoro, kwa sababu watengenezaji hubadilisha springi kati ya toleo moja na jingine bila kubadilisha umbo la nje.

Springi zibadilishwe baada ya muda gani?

Watengenezaji wengi hutaka regulata ikaguliwe kila mwaka au kila safari 100, na wengine huruhusu huduma kamili kufanyika kila baada ya miaka 2. Katika huduma hiyo, oringi, viti na kichujio hubadilishwa lazima. Springi mara nyingi hazimo kwenye pakiti ya vipuri vya huduma. Hubadilishwa zikionekana na kasoro, isipokuwa mtengenezaji ameziweka ndani ya pakiti, na hapo hubadilishwa bila mjadala. Kwa maoni yangu, springi ya hatua ya pili inapaswa kubadilishwa mapema pale historia ya regulata isipojulikana, kwa mfano imenunuliwa kwa mtu mwingine.

Kuna hatari gani katika kuifungua hatua ya kwanza?

Ipo, na haionekani mpaka itokee. Pistoni yenye kichwa cha kipenyo cha milimita 30 ina eneo la takribani sentimita za mraba 7. Ili kufikia baa 9.5, springi yake hutoa nguvu ya karibu nyutoni 670, sawa na uzito wa mtu wa kilo 68. Kifuniko chake kifunguliwe kwa ufunguo unaokitosha barabara, hatua ya kwanza ikiwa imeshikwa imara, na uso ukiwa kando. Katika aina ya kiwambo, legeza kwanza skrubu ya kurekebishia hadi springi iwe huru, ndipo ufungue pete inayoshika kiwambo. Na kabla ya yote, hakikisha regulata haiko kwenye mtungi na hewa yote imetolewa kwa kitufe cha kupulizia. Vaa miwani ya kazi. Springi ndogo ya hatua ya pili huruka kwa urahisi kuliko ile kubwa.

Nizisafisheje?

Maji ya vuguvugu na sabuni laini hutosha kwa springi isiyo na ukoko. Ukoko wa chumvi huyeyuka kwa siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji ya vuguvugu, kwa dakika chache, ndani ya mashine ya kuoshea kwa mawimbi ya sauti ikiwa ipo. Usiziache humo usiku kucha, na usiweke pamoja nazo vipande vya shaba njano ambavyo kromu yake imeanza kubanduka. Baadaye suuza kwa maji safi mengi na ukaushe kwa hewa kavu safi.

Kuna vitu viwili vya kuepuka. Dawa ya klorini ya kufulia huleta kloridi zilezile zinazoula utando wa chuma. Brashi ya waya wa chuma cha kawaida huacha chembe zake kwenye springi, nazo huota kutu na kuambukiza mahali zilipokwama. Mswaki laini unafaa.

Springi zipakwe grisi?

Fuata mwongozo wa regulata husika. Baadhi hutaka grisi kidogo kwenye ncha ya springi kuu ili isisage kifuniko inapozungushwa skrubu, na grisi hiyo hiyo hupunguza mtetemo unaosikika kama mvumo hewa inapopita kwa kasi. Springi ya hatua ya pili kwa kawaida huwekwa kavu. Grisi ya silikoni isigusane na kiwambo au vali ya kutolea pumzi vilivyotengenezwa kwa silikoni, kwa kuwa huvivimbisha na kuvilainisha.

Kwa mchanganyiko wa kupumulia wenye oksijeni zaidi ya asilimia 40, silikoni haifai kabisa. Tumia grisi ya florini iliyotengenezwa kwa ajili ya oksijeni, na springi ioshwe kwa kiwango cha usafi wa oksijeni, kwa sababu mabaki ya mafuta kati ya mizunguko yanaweza kuwaka pale mtungi unapofunguliwa ghafla.

Maji baridi yanahusianaje na springi?

Hewa inayoshuka kutoka baa 200 hadi 10 hupoa sana na kuipoza metali yote inayoizunguka. Katika hatua ya kwanza ya pistoni iliyo wazi, maji yanayoizunguka springi kuu yanaweza kuganda kati ya mizunguko, hasa maji baridi yasiyo na chumvi. Barafu hiyo huizuia pistoni isirudi kufunga, shinikizo la kati hupanda, na hatua ya pili humwaga hewa bila kukoma. Hapa springi haina kosa na kuibadilisha hakusaidii. Kinga yake ni chumba kilichozibwa, ambamo maji hayafiki kwenye springi. Kiwango cha Ulaya cha EN 250 huyahesabu maji ya chini ya nyuzi 10 za Selsiasi kuwa baridi, na regulata ya huko hujaribiwa kwa masharti ya ziada.

Baada ya kuweka springi mpya, vipimo gani ni vya lazima?

Shinikizo la kati kama lilivyoelezwa hapo juu, kwa mtungi uliojaa na kwa mtungi uliokaribia kwisha. Kisha bonyeza kitufe mara 20 au 30 ili springi na kiti vikae mahali pao, upime tena, na uache hadi kesho upime mara ya tatu. Kiti kipya hujikandamiza kidogo siku ya kwanza, na marekebisho yaliyofanywa haraka huhama.

Kwa nguvu ya kufungulia vali, geji ya shinikizo dogo ndiyo bora, lakini beseni la maji hutoa jibu linaloaminika. Ishike hatua ya pili, yenye hewa, kiwambo kikitazama chini na sehemu ya mdomoni ikitazama juu, uizamishe polepole. Pale hewa inapoanza kusikika, kina cha kiwambo kutoka usoni mwa maji ndicho kipimo: sentimita 2.5 hadi 4 ni kawaida kwa regulata nyingi. Chini ya hapo, itamwaga hewa unapoelekeana na mkondo. Juu yake sana, utachoka.

Kitasa cha kurekebisha pumzi, kile cha hatua ya pili, kiachwe vipi wakati wa kuhifadhi?

Kilegezwe kabisa. Regulata isipokuwa na hewa, hakuna kinachopingana na springi ya hatua ya pili, na kiti hukandamizwa kwa nguvu yake yote siku zote ikiwa kabatini. Hatua ya kwanza haina shida hii, kwa sababu bila hewa springi yake kuu huiacha vali wazi.

Uwazi huo una athari nyingine. Ukibonyeza kitufe cha kupulizia unapoisuuza regulata iliyotolewa kwenye mtungi, maji hupita hadi hatua ya kwanza na kuifikia ile springi ndogo ambayo haikupaswa kuloa kamwe. Isuuze ikiwa bado kwenye mtungi na hewa imefunguliwa. Ikishindikana, funika tundu la kuingilia, iloweke kwenye maji ya vuguvugu kwa nusu saa au zaidi, na usiguse kitufe.

Naweza kuifanya kazi hii mwenyewe?

Kusuuza, kuhifadhi, kupima shinikizo la kati na nguvu ya kufungulia ni kazi ambazo kila mpiga mbizi anaweza kujifunza, na ningependa kila mmoja ajifunze. Kubadilisha springi kunahitaji mwongozo wa huduma wa aina hiyohiyo ya regulata, vifaa vyake, na mafunzo chini ya mtu anayeijua kazi. Kimoja kati ya hivyo kikikosekana, ipeleke kwa fundi aliyefunzwa, na umpe vipimo ulivyoandika; vitamwokolea muda kuliko maelezo ya jumla kwamba "inavuta vibaya".

Springi ya zamani niifanyie nini?

Ikiwa imetolewa kwa sababu ya kutu au kupinda, ikate vipande viwili kisha uitupe, isije ikarudishwa kwa bahati mbaya kwenye boksi la vipuri vizima. Ikiwa ni nzima na imetolewa kwa sababu ya ratiba tu, iweke kwenye kifuko chenye namba ya kipuri, tarehe, idadi ya safari na urefu ulioupima. Huduma ijayo, utakapoipima iliyochukua nafasi yake, utakuwa na kitu cha kuilinganisha nacho.